Kidole Gumba kwenye Tundu la Plagi

Mume wangu alikuwa mtu wa kelele, isipokuwa alipofunga deliko. Ndivyo mafundi wa mtaa wetu wa Muhima walivyokiita kile chombo kinachogawa moto kwenye plagi. Mimi niliyekulia Tanzania nilikiita distributa, naye alinitania kwa hilo tangu tulipooana. Siku ya kukirudisha kwenye injini alinyamaza, akaniita nizibe tundu la plagi ya kwanza kwa kidole gumba, huku yeye akizungusha injini taratibu kwa hendeli.

"Ikisukuma, sema."

Hewa ilipokisukuma kidole nilisema, "Imepumua," ndipo akaitumbukiza deliko.

Vita vilipoanza mpakani yeye alikuwa Bujumbura kikazi, akakwama huko. Gari letu kuukuu likalala uani. Mwaka uliofuata nilichoka na kimya cha gari hilo, nikamwita fundi. Sikuwa na safari yoyote. Nilitaka tu kusikia mlio ule uliokuwa ukiniambia mume wangu amefika.

Fundi aling'oa deliko bila kuiwekea alama, akaisafisha, akairudisha. Gari likapiga chafya kwenye kabureta, likafa.

"Lakini pistoni iko juu, mama. Nimeangaria mwenyewe."

"Hupanda mara mbili," nikamwambia. "Mara moja imebana hewa, mara nyingine inatoa moshi tu. Wewe umeikuta kwenye moshi."

Akaing'oa tena. Niliziba tundu, naye akazungusha hendeli. Kidole kilikuwa kinangoja hewa. Mimi nilikuwa namngoja mume wangu. Hewa ikasukuma.

"Imepumua."

"Iko nini, mama?"

"Imebana," nikasema. "Tumbukiza."

Nikaketi kwenye usukani, nikawasha. Safari hii gari liliwaka, likanguruma kama zamani. Nikakanyaga mafuta kidogo, machozi yakanitoka wala sikuyafuta.

Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye na ambaye macho yalikuwa yameshapofuka, akatoka akipapasa ukuta. Mkononi alishika kandambili za mwanawe.

"Yaje?" akauliza kwa Kinyarwanda. Amekuja?

"Bado, mama. Ni fundi tu."

Nikanyoosha mkono kwenye ufunguo nizime. Yeye akaziweka kandambili chini, karibu na mlango wa dereva.

"Basi usilizime kwanza," akasema.