Sukari Yangu na Maziwa ya Dhahabo

Jina langu ni Rehema, mkulima wa mpunga na ndizi kando ya mto Tana, si mbali na Garsen. Leo nasimulia habari za mwili wangu bila kuona haya. Nikianza kuficha hapa na pale, mwenye shida kama yangu atasikiliza halafu aende nyumbani bila kujitambua.

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa nguvu. Nilikuwa nabeba gunia la mpunga kutoka shambani bila kutua njiani. Kanisani sauti yangu iliwafunika wenzangu, mpaka mwalimu wa kwaya akaniomba nipunguze. Sikupunguza. Mume wangu Jillo husema akitaka kujua niko wapi hana haja ya kuuliza mtu, anatega sikio tu.

Rafiki yangu mkubwa ni Dhahabo, mama wa Kiorma. Sisi Wapokomo tunalima, wao wanafuga, na kati yetu yamewahi kutokea mambo mabaya ambayo sitaki kuyafukua. Mimi na yeye tulianza kwa kubadilishana vitu. Nampa mchele na ndizi, ananipa maziwa na samli. Baadaye tukaacha hata kupimiana, kila mmoja analeta alichonacho. Kwao maziwa si kitu cha kukataa. Ukimkatalia mtu maziwa yake, umemkataa yeye mwenyewe, na jambo hilo halisahauliki upesi.

Ugonjwa wangu ulianza kwa kiu. Nilikunywa maji, nikanywa tena, na koo likabaki kavu kama sijanywa kitu. Kisha mkojo. Nilikuwa naamka usiku kucha, na asubuhi tukaona sisimizi wamejaa mahali nilipokojoa. Jillo aliwatazama akasema labda kuna mtu kamwaga soda. Nikawashwa sehemu za siri, nikaona haya, nikanyamaza. Macho yakaanza kuona ukungu. Na nikakonda. Jamani, nilikonda! Leso ikawa haikai kiunoni, pete ikaniponyoka shambani, na mapaja yangu niliyokuwa najivunia yakaisha.

Hakuna aliyefikiria kisukari. Kwetu kisukari kilikuwa ugonjwa wa watu wanene, wale wanaoshinda wamekaa kwenye viti vya ofisi. Mtu aliyekonda hulishwa. Basi wakanilisha. Jirani huyu ndizi mbivu, yule miwa, mwingine maembe, soda kila mtu. Dhahabo alikuja kila asubuhi na maziwa, ametia sukari, na samli ya kuweka kwenye wali.

"Kunywa, Rehema," alikuwa akiniambia. "Wewe imekuwa mifupa tupu. Mimi nataka kuona ile mwili ya zamani."

Nilikunywa, na nilizidi kukonda. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kaka yangu Buya, ambaye ananipenda kuliko anavyopenda kukiri, alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada, hesabu mwenyewe. Yule mama akileta maziwa, wewe unaisha. Hayo maziwa yana kitu."

Neno kama hilo kwetu ni hatari. Leo linasemwa nyumba moja, kesho limefika kwenye mazizi, na kesho kutwa vijana wa pande zote mbili wanatazamana vibaya. Neno lile lilimfikia Dhahabo. Ningekuwa mimi, nisingekanyaga tena nyumba ile. Yeye asubuhi iliyofuata alikuja kama kawaida, akamkuta Buya ameketi uani na watu wengine. Hakujibizana naye. Alimimina maziwa kwenye kikombe, akanywa mbele yao mpaka nusu, akajifuta mdomo, ndipo akaniletea yaliyobaki. Nilimpenda siku ile mpaka nikalia.

Siku chache baadaye nilianza kutapika. Tumbo liliuma, nikawa navuta pumzi ndefu kama mtu aliyekimbia, na pumzi yenyewe ilinuka kama matunda yaliyoanza kuoza. Mambo mengine yaliyofuata nimehadithiwa tu. Jillo na Buya walinipakia kwenye gari la kukodi wakanipeleka hospitalini, nikiwa sijitambui.

Nilipozinduka nilikuwa na dripu mkononi, na daktari mmoja, mama mpole mwenye sauti nzito, amekaa kando ya kitanda. Aliniambia nina kisukari, na kwamba ningechelewa kidogo zaidi asingenipata.

"Lakini mimi nimekonda hivi!" nikamwambia.

"Ndiyo. Ni aina nyingine. Kinga ya mwili kazi yake ni kupigana na vijidudu. Kwako imekosea adui. Imeshambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Bila insulini, sukari haiingii mwilini kukupa nguvu, inabaki kwenye damu na kutoka na mkojo. Ndiyo maana ulikula na bado ukakonda."

Akauliza kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kukonda hivyo. Buya akasema shangazi yetu, dada ya baba, alikufa bado kijana, amekauka, anaomba maji. Watu walisema amelaaniwa.

Daktari akasema hawezi kumpima aliyekwisha kufa, lakini kuna jeni za kinga ya mwili ambazo tunazirithi kwa wazazi, na baadhi yake hufanya kosa hili liwe rahisi kutokea. "Si hukumu," akasema. "Wengi wanazo na hawaugui maisha yao yote. Kinachoamsha ugonjwa hatujakijua vizuri."

Buya akauliza swali lililokuwa linamchoma. "Kwa hiyo si maziwa ya yule mama?"

"Maziwa hayakumletea ugonjwa huu. Vitu vitamu mlivyompa nyote vilizidisha sukari iliyokuwa imeshapanda."

Aliposema "nyote" nilimtazama kaka yangu. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kuniletea soda.

Buya naye akapimwa, maana alitaka kutuonyesha yeye ni mzima. Majibu yakamshangaza. Sukari yake ilikuwa imeanza kupanda, na kolesteroli mbaya ilikuwa nyingi huku ile nzuri ikiwa chini. Daktari akamweleza kwamba yeye anaelekea kwenye kile kisukari kingine, kilicho cha kawaida zaidi. Mafuta ya damu yakiharibika hivyo, na tumbo likawa limejaa, mara nyingi ni dalili kwamba mwili umeanza kuikaidi insulini yake. "Lakini wewe bado unaweza kurudi nyuma," akamwambia. Buya akavuta shati lifunike tumbo. Nilikuwa mgonjwa, lakini nilicheka.

Mimi pia mafuta yangu yalikuwa juu. Si hayo yaliyonipa kisukari, daktari alisema, ila sukari na mafuta vikikaa pamoja kwenye damu vinaharibu mishipa ya moyo. Samli nipunguze sana. Sindano ya insulini nichome kila siku, nisiache hata nikijisikia vizuri.

Sindano haikunitisha sana. Kilichonitisha kilikuwa kumwambia Dhahabo kuhusu samli na maziwa. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikakaa kwenye ngozi nje ya nyumba yake, nikazunguka maneno weee, mpaka akachoka.

"Sema tu," akaniambia. "Mimi si mtoto."

Nikamweleza yote, askari wa mwili waliokosea adui, shangazi, samli. Akafikiri. Kisha akasema, "Mimi nitatikisa kibuyu mpaka siagi yote itoke. Siagi nitauza. Ile inabaki nitaletea wewe, kikombe kidogo, sukari hakuna. Wewe hukukataa mimi. Wewe imekataa siagi."

Tangu siku hiyo akawa ananisindikiza kliniki. Muuguzi akifundisha, mimi nasinzia kwenye benchi, yeye anauliza. Alijua pa kuchoma sindano. Alijua kwamba insulini huhifadhiwa penye ubaridi, na sisi hatuna friji, basi akanichagulia mtungi mzuri wa udongo na mahali pa kivuli pa kuuweka. Na alijua jambo ambalo kijijini wengi hawakuliamini. Mwenye kuchoma insulini akifanya kazi nyingi bila kula, sukari inaweza kushuka ghafla, na hapo sukari ile ile ndiyo dawa.

Siku moja mimi, Buya na majirani tulikuwa tunavuna mpunga. Nilichoma sindano asubuhi, nikaona kazi ni nyingi, nikasema nitakula nikimaliza safu hii. Mikono ikaanza kutetemeka. Jasho la baridi likanitoka. Maneno yakawa hayatoki sawasawa, nikaketi kwenye matope. Dhahabo alikuwa amekuja kuchukua mabua ya ng'ombe wake. Aliniona, akatupa mabua, akatoa sukari aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la mtandio.

Buya akamshika mkono. "Unamtia nini mdomoni? Sukari ndiyo inayomuua!"

Watu wakatuzunguka, kila mmoja na kisu cha kuvunia. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba alisema tangu mwanzo yule mama ana nia mbaya. Mimi nasikia kila kitu na siwezi kusema neno, mimi mwenye sauti ile!

Dhahabo akamtazama kaka yangu machoni. "Buya, yeye bado anameza. Akilala, hawezi kumeza tena. Niache nimpe. Asipoamka, mimi niko hapa. Sikimbii."

Buya akaachia mkono.

Akaniwekea sukari mdomoni kidogo kidogo, akanipa maji, akasubiri, akaniongezea. Dunia ikarudi polepole. Neno langu la kwanza lilikuwa "Bado," nikitaka sukari zaidi, na watu wakacheka kwa woga. Buya akapiga magoti kwenye matope mbele ya Dhahabo, mbele ya wote. "Mama," akamwambia, "nifundishe na mimi."

Namshukuru Mungu aliyeniacha niendelee kuwasumbua watu wa kwaya. Nawashukuru daktari na wauguzi. Nawe unayenisikiliza, ukimwona mtu anakunywa maji bila kushiba, anakojoa sana na kukonda, mpeleke apimwe sukari leo, usingoje awe mnene. Ukipewa insulini usiiache. Ukiichoma, kula. Pima na mafuta ya damu. Wala usitafute jirani wa kulaumu kwa kitu ambacho pengine ulizaliwa nacho.

Watu huniuliza kama niliogopa siku ile shambani. Nilimuuliza Dhahabo swali hilo hilo. Alisema aliogopa sana, na njia ya kwenda kwao ilikuwa wazi nyuma yake, lakini angekimbia, nani angenipa sukari?