Majibu Marefu ya Mireille

Bandugu, leo nimeshinda ekzame, mutihani muzima, na miye sijue kusoma!

Mujukuu wangu Mireille anatengeneza masomo ya ku ordinatere, ile kompyuta, ya kufundisha bashofere ba kamio, malori, kuepuka aksida, ajali za barabara. Leo ekzame ya masomo ilikuwa ya kutuma kwa shefu, mukubwa wake wa kazi.

“Kaku, jaribu. Asiyejua hawezi kupita,” akaniambia miye muzee wake.

Kila ulizo, kati ya majibu yake, nilifinya jibu ya murefu kupita zingine. Herufi sijue, lakini urefu ninaona.

Yote, ordinatere ikasema: bravo!

“Kaku, umejua je?”

“Mama, ya kweli unaieleza sana. Ya bongo, ile ya uongo, unaitupa tu.”

Alishika kichwa. Sasa anaandika maulizo yote upya. Hata hii post ni yeye ananiandikia, amekunja uso.

Mucheke hapa chini, atasoma.

Nimemupikia bukari, ugali wetu. Shefu angoje kidogo. Ku barabara kuko batoto, shofere asishinde kwa kupima urefu tu.