Jumamosi Zuberi Alipoonyesha Picha Bila Sauti Yake

Mdogo wangu Zuberi hajui kuvua, na jembe akilishika utalihurumia jembe. Anachojua ni kusema. Ndiyo maana Mungu akampa banda la video. Nasema hivi kwa mapenzi, mimi dada yake, nimembeba mgongoni, na mtu mwingine akimsema hivyo tutagombana.

Banda lenyewe ni makuti na maturubai, mabenchi ya mbao za mnazi, na televisheni juu ya meza. Liko katikati ya kijiji chetu, huku Ruvuma unakoingilia baharini, na mimi nakaa mlangoni na karai langu la mihogo na bagia. Kizungu hakisikiki mle ndani. Zuberi anakaa pembeni na kipaza sauti anatafsiri, steringi, yule shujaa wa picha, akisema neno moja yeye anasema kumi. Risasi zikilia anazifuata na kicheko: "Haya, pokea hiyo, ukifika kuzimu msalimie mjomba'ko!" Spika moja, ya chaji, iko nje, ya kuitia watu. Kwa hiyo kijiji kizima, hata bibi kizee aliyelala ndani kwake, miaka yote amesikia bunduki pamoja na maneno ya Zuberi. Ukisikia risasi na Zuberi anabwabwaja, unajua ni picha. Hakuna aliyewahi kulisema jambo hili kwa mdomo. Lilikuwa hivyo tu.

Sasa kulikuwa na picha moja ya mfululizo, ya askari aliyeacha jeshi, sisi tukimwita Kidevu kwa ajili ya kidevu chake. Namba moja ilipokuja, mabenchi yalivunjika. Watu walitoka vijiji vya mbali, wengine walichungulia kwenye matundu ya makuti, mihogo yangu iliisha jua bado liko juu. Namba mbili vilevile. Namba tatu tukaanza kuonana sisi kwa sisi. Ilipofika namba sita, benchi la mbele walikaa kuku, wallahi, kuku wangu mwenyewe na vifaranga vyake.

"Zuberi, ndugu yangu," akasema mwalimu Godfrey, yule aliyehamishiwa shule yetu kutoka Iringa, "huyu Kidevu sasa ana mvi. Ameanguka kwenye ndege, amezikwa, amefufuka. Steringi hafi, hilo tunalijua. Lakini mimi nimwogopee nini? Picha usiyoiogopa si picha."

Neno hilo lilimkaa Zuberi rohoni. Aliogopa, na mimi niliogopa, maana banda lile ndilo lililokuwa likitulisha sote. Vijana wana simu zao, wanaangalia vipande vipande huko huko vichakani. Siku za katikati ya wiki hatuna mtu. Tunaishi kwa Jumamosi na Jumapili.

Ijumaa moja baada ya swala akaenda mjini Mtwara, kule Ufukoni, kwa Fredi anayeingiza picha kwenye flash. Akakuta namba saba imefika. Fredi ni kijana anayefuatilia, akamfungulia simu akamsomea habari za dunia. Huko kwa wenyewe, wikiendi ya kwanza majumba ya sinema yalijaa. Wikiendi ya pili wakabaki wafagiaji. "Siku hizi picha ni kama dagaa," Fredi akamwambia. "Usipouza leo, kesho inanuka. Na picha hii hii nimempa na jamaa mwenye banda kule Msimbati."

Zuberi akarudi roho juu. Kwa kawaida picha mpya anaiangalia kwanza peke yake, siku mbili tatu, anatunga maneno, anawapa watu majina ya Kimakonde, mpaka inakuwa yake. Safari hii akasema anaionyesha kesho yake saa tisa mchana, kabla ya jamaa wa Msimbati.

"Na sauti yako?" nikamuuliza.

"Nitaweka wiki ijayo, dada. Kesho waone tu. Milio yake peke yake inatosha, subiri uisikie. Mwalimu Godfrey ataogopa huyo!"

"Haraka haraka hiyo, Zuberi."

"Dada, kaanga mihogo."

Basi nikakaanga mihogo.

Hapa lazima niwajulishe kwa wifi yangu Amina, mke wa Zuberi. Amina ni mtu wa ng'ambo. Alivuka mto akiwa msichana, wakati kule kunawaka moto wa vita, hana hata ndala miguuni. Kwao walikwisha. Zuberi alimuoa, wakapata binti, wakampa jina la mama yetu, Mwanahamisi, na Zuberi humwita mtoto yule "mama" na kumwamkia shikamoo, watu tukacheka. Habari za kwao Amina alinisimulia mara moja tu, tunamenya mihogo. Alisema bunduki zilipolia walikimbilia porini wakajificha. Kisha wakasikia jirani yao anawaita kwa majina, mmoja mmoja, tokeni, wameshaondoka. Waliotoka hawakuonekana tena. Yule jirani alikuwa anaita huku ameshikiwa panga. Alipomaliza kunisimulia akachukua kisu akaendelea kumenya, na mimi sikumuuliza tena.

Jumamosi ile maji yalikuwa yamekupwa. Amina akaja kuniaga, Mwanahamisi yuko mgongoni kwenye kanga, anakwenda kwenye mikoko kuokota chaza. "Nitawahi kabla maji hayajajaa, wifi," akasema. Nikampa bagia ya mtoto.

Saa tisa mle bandani walikuwa wanne, watano. Zuberi akaigeuza spika ya nje ielekee kijijini, akafungulia mpaka mwisho.

Jamani! Mimi niliyekaa pale pale, ninayejua ni spika, mafuta ya moto yalinirukia mkononi kwa kushtuka. Ilikuwa mizinga, bunduki zinafululiza, kisha mwanamke anapiga yowe, kisha wanaume wanafoka kwa lugha isiyojulikana. Na juu yake hakuna Zuberi. Hakuna mjomba, hakuna kuzimu, hakuna kicheko. Bunduki tupu.

Kijiji kikainuka. Nikaona milango inafunguka, mama wa watu anatoka na mtoto mmoja kumbe alikuwa na wawili, anarudi ndani anapiga kelele. Mzee Rashidi, ambaye hutembea kwa mkongojo, alinipita anakimbia na mkongojo ameuacha. Nilisimama nikapiga ukunga, "Ni picha jamani! Ni picha ya Zuberi!" Nani akusikie? Kila nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kukimbia, maana walisikia mwanamke analia.

Zuberi akachungulia nje, uso unameremeta. "Dada, wanakuja!"

"Wanakwenda, mjinga wewe! Zima! Zima hilo dude!"

Alipozima ndipo palipozidi kutisha. Kimya. Ndala zimetapakaa njiani, sufuria la mtu linaungua ndani, mbuzi wamekaa barazani kwa watu. Tukatazamana mimi na mdogo wangu, na sote wawili tukalisema jina moja kwa wakati mmoja.

"Amina."

Mikoko yetu si mahali pa kuchezea. Matope yanakushika goti, mifereji ni mingi inafanana, na maji yakianza kujaa hayaji kwa mbele, yanakuzunguka kwa nyuma. Tulipofika pembeni, maji yalikuwa yameshaingia kwenye mifereji. Wanawake watatu walitoka wenyewe, wamejaa matope mpaka nywele. Mmoja akasema Amina alikuwa naye, bunduki zilipolia alimvuta mtoto kutoka mgongoni akampakata kifuani akaingia ndani kabisa, kule ambako hata sisi wenyeji hatuendi.

"Amina!" Zuberi akaita. "Aminaaa! Toka, mke wangu! Wameshaon... hakuna kitu! Toka!"

Alikuwa anaita kwa jina. Sauti yake inatetemeka. Anasema toka, hakuna kitu. Lo! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu mdogo wangu alikuwa anamtupia nyoka mwenyewe. Kila akiita, Amina alikuwa anazidi kuingia ndani, na maji yanazidi kuja.

Nikamziba mdomo kwa mkono wangu. "Usimwite! Unamuua! Anadhani umeshikiwa panga!"

"Sasa nifanye nini, dada? Nifanye nini?" Akaanza kulia kama mtoto.

Sijui neno lile lilitoka wapi, Mungu alinitia kinywani. Nikamwambia, "Chekesha."

Akanitazama kama nina wazimu.

"Mtu aliyeshikiwa panga anaweza kuita, anaweza kulia. Kuchekesha hawezi. Kalete spika. Fungulia picha ile ile, uiwekee sauti yako."

"Bunduki tena? Akisikia bunduki tena atazama!"

"Anazama sasa hivi, Zuberi!"

Tukaileta ile spika ya nje, tukaiweka kwenye gogo, flash ndani yake. Mkono wa Zuberi ulikataa kubonyeza, nikakibonyeza kidole chake mimi. Mizinga ikalia. Nikafumba macho. Na Zuberi akakamata kipaza sauti, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, akasema kwa ile sauti yake ya siku zote:

"Haya haya haya, wateja wangu! Kidevu huyo anakuja, mzee wa watu, mgongo unamuuma, kamuacha mkewe na mchicha mekoni! Weee adui, usikimbie, njoo upokee chako! Pokea! Kamsalimie mjomba'ko! Na wewe wa nyuma mwenye suruali ya kuazima, ikitoboka utamwambia nini mwenyewe?"

Akasema. Akasema mpaka sauti ikakwaruza. Maji yakatufika miguuni, tukaiinua spika begani kwangu, inanguruma sikioni mwangu na mizinga yake, na yeye anachekesha, na kati ya mzaha na mzaha anavuta kamasi. Sijapata kusikia kitu cha kutisha kama mzaha ule. Niliomba dua zote ninazozijua nikazirudia.

Halafu kwa mbali majani yakatikisika.

Amina alitoka kwenye mfereji, maji yamemfika kifuani, mtoto amemweka begani. Hakuja kwetu. Alisimama kwanza, akatazama nyuma ya Zuberi, kulia, kushoto, kama kuna mtu. Kiganja chake kilikuwa juu ya mdomo wa Mwanahamisi, kimebana. Nikaitupa spika majini nikamkimbilia. Kile kiganja nilikibandua kwa nguvu, kidole kimoja kimoja. Mtoto alikuwa amelegea, midomo imebadilika rangi. Nikampindua, nikampiga mgongoni, nikampuliza, nikamwita, mama, mama, mama yangu wee. Akakohoa. Kisha akalia, na mimi nikakaa chini kwenye matope.

"Ilikuwa picha," Zuberi akamwambia mkewe. "Nisamehe. Ilikuwa picha tu, Amina."

Amina akaniambia mimi, taratibu, "Wifi, bunduki sikuziogopa. Nilikuwa namwogopa huyu asikohoe."

Ungedhani baada ya hapo watu wangelichoma banda lile. Hapana. Siku ya pili walicheka, siku ya tatu walikuwa wanaigizana, nani alikimbia bila suruali, nani alimbeba kuku akamuacha mume. Mzee Rashidi akawa kichekesho cha mkongojo. Habari zikafika vijiji vya jirani: picha ya Zuberi imekimbiza watu! Jumamosi iliyofuata mabenchi hayakutosha. Walikuja hata watu wa Msimbati, na jamaa yao mwenye banda yumo. Namba saba ikajaza kuliko namba moja, wamesimama mpaka kwenye karai langu. Zuberi safari hii alikuwa ameweka sauti yake yote, lakini uso wake haukuwa na furaha. Amina alikaa nami mlangoni, mtoto mapajani.

Katikati ya picha kuna mahali Kidevu amelala hospitali, hapana vita, hapana kelele. Ndipo mlio ukatokea upande wa mtoni. Mmoja, mzito, mpaka mafuta yakacheza karaini. Halafu mwingine.

Baadaye tuliambiwa ni wavuvi haramu, walilipua baruti. Lakini hilo ni baadaye. Wakati ule hakuna aliyejua, na banda zima lilipiga makofi. "Zuberi huyooo! Kaongeza spika!" Kwenye nyumba za jirani nako wakacheka, mtu hakutoa hata kichwa mlangoni. Nilipogeuka, mahali pa Amina palikuwa patupu. Yeye na mtoto walikuwa wameshafika mwisho wa njia, wanakimbia.

Zuberi akazima televisheni. Akasimama mbele ya watu, kipaza sauti mkononi.

"Mbona mmekaa?" akawauliza.

"Tuende wapi?" mwalimu Godfrey akamjibu, anacheka bado. "Si picha yako hiyo?"

"Mimi nimezima," Zuberi akasema. "Na spika ya nje sina. Ilizama."

Mlio wa tatu ukaja. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao.