Filimbi Isiyotaka Msaada

Kwetu Butembo, mtu akiimba peke yake kanisani na sauti ikamkatika, haachwi. Kabla hajakohoa, mama wa benchi la tatu ameshashika wimbo, safu nzima imeitikia, na mwimbaji anabebwa mpaka mwisho kama mgonjwa kwenye machela. Nimekulia humo. Sikujua kwamba kuna muziki unaoweza kuuawa na msaada wa namna hiyo, mpaka mdogo wa kike wa mke wangu alipopata konserto yake.

Shemeji huyo anauza dawa mchana, na jioni anapiga filimbi ya chuma katika fanfari, yaani bendi ya tarumbeta, ya kanisa letu la Kiprotestanti. Mwalimu wake wa zamani alimtumia karatasi za konserto ya filimbi na okestra, iliyotungwa na mtu ambaye bado yu hai. Mimi, pamoja na kusoma kwangu kote chuo kikuu, nilidhani watunzi wa muziki huo walishakufa zamani, na kwamba kufa ni sharti mojawapo la kazi.

Nilimwomba anionyeshe. Palikuwa na alama za kugonga vitufe vya filimbi bila kupuliza, na nyingine za kupuliza hewa tupu, kama mtu anayepoza chai. Kisha ukaja ukurasa ambao okestra nzima inanyamaza, filimbi inabaki peke yake, na katikati ya upweke huo filimbi nayo inanyamaza.

"Na hapa unafanya nini?"

"Nanyamaza."

"Juu ya nini?" nikauliza; kwetu ndiyo "kwa nini".

"Juu imeandikwa, shemeji."

Ukurasa ule alikuwa ameufanyia mazoezi miaka miwili, nyuma ya duka lake la dawa. Alitaka kitu kimoja tu: aupige mara moja mbele ya watu, mpaka mwisho, peke yake.

Okestra tuliiokoteza: fanfari yetu, violini tano za Wakatoliki, na kinanda cha umeme kilichoshika nafasi ya wote waliokosekana. Tulianza hapa Butembo, katika ukumbi wa parokia. Shemeji alipofika kwenye kile kimya, nilimwona mpiga tromboni, mzee mzima anayenunua vitunguu sokoni Kirumba, akihangaika kitini kwa huruma. Akavumilia, akavumilia, kisha akainua tromboni akamshikia sauti. Ngoma ikafuata. Akina mama wakapiga makofi. Konserto ikageuka wimbo wa sadaka.

"Munanifanya nini?" shemeji aliuliza baadaye, machozi yakimlengalenga.

"Mais mama," mpiga tromboni akajibu, "ulikuwa unapotea! Tungekuacha vile, batu bangesema nini?"

"Sikupotea! Ile kimya iko mu karatasi."

"Basi ule mutu mwenye aliandika," akasema tena yule wa tromboni, "hana ndugu."

Nilicheka, lakini swali lilinikaa kichwani siku nyingi. Je, inawezekana mtu akaachwa peke yake kwa heshima?

Tamasha la pili lilikuwa Beni, saa nane mchana, ili kila mtu awahi kufika kwake kabla ya giza, maana usiku barabara si salama. Shemeji alinipa kazi: "Weye ndiye intellectuel, musomi wetu. Ubaelezee batu mbele, banyamaze."

Nilieleza. Nilianza na historia ya filimbi, nikapita kwenye falsafa ya kimya, na watoto wawili walikuwa wamelala nilipofika kwenye jambo lenyewe: mpiga filimbi akinyamaza, asisaidiwe na mtu. Mpiga tromboni, kwa usalama, aliweka chombo chake chini ya kiti.

Ukurasa ule ukafika. Shemeji akagonga vitufe, akapuliza hewa, akanyamaza. Ukumbi ulitulia. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa kwanza. Nikamwona amesimama pale, mdogo, midomo wazi, na watu wote wakimtazama. Nikasikia mtu anavumisha wimbo kwa sauti nzito, mbovu kidogo, na ilinichukua muda kutambua kwamba mtu huyo ni mimi.

Shemeji aliteremsha filimbi. Akaningoja nimalize. Kisha akarudi mwanzo wa ukurasa.

Mara ya pili hakuna aliyesaidia. Mke wangu alikuwa ameniziba mdomo kwa mkono, na ukumbi mzima ulinikodolea macho mimi. Shemeji akapiga, akanyamaza, akapiga tena hadi noti ya mwisho, na okestra ikaingia mahali pake.

Baadaye nilimkuta akifuta filimbi kwa kitambaa. Mpiga tromboni alikuwa kando yake.

"Professeur," akaniambia, "na weye ulimuona anapotea, eh?"

Nikageukia shemeji. Nilitaka kuomba radhi, lakini udadisi ukanitangulia. Nikamwambia kwamba kimya cha pili kilikuwa kirefu zaidi kuliko kilivyoandikwa, nilikuwa nimehesabu.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nangoja nione kama utaimba tena."