Maganda ya Dezső

Mwaka ule Etelka Bognár aliamua Krismasi impite kando. Aliniambia hivyo mwanzoni mwa Desemba, amesimama mlangoni kwangu na aproni yake, uso mkavu. Hakuna mti, hakuna samaki, hakuna mikate ya kukunja, si ya mbegu za popi wala ya njugu za jozi. Peremende za kutundika ndizo kabisa hakutaka hata kuziona. Mumewe Dezső tulikuwa tumemzika masika, na binti yao Tünde alikuwa jikoni kwenye hoteli moja huko Austria, ambako Krismasi ndiyo msimu wa kazi. Sasa ampikie nani?

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Mimi ni paka?"

"Wewe Vilma una wajukuu wa kukupigia kelele. Njoo uchukue boksi la mapambo, uwapelekee. Mimi sina haja nalo."

Mimi si mtu wa kubembeleza, na Etelka si mtu wa kubembelezwa. Tumeishi mlango kwa mlango katika jengo hili la ghorofa hapa mjini Komló tangu enzi ambazo mgodi wa makaa ulikuwa ukiwameza wanaume alfajiri na kuwatema jioni. Namjua akikaza shingo. Nikavaa ndala, nikavuka korido.

Etelka alikuwa mpakuaji kwenye kantini ya mgodi. Ndiko alikompata Dezső, au Dezső ndiko alikompata, inategemea anayesimulia ni nani. Siku ya tambi tamu, zile za kumwagiwa popi na sukari, kijana mmoja alikula sahani yake, akageuza kofia mbele nyuma, akarudi kwenye foleni kama mtu mwingine. Etelka akamtazama na upawa mkononi.

"Pacha wako ameshakula," akamwambia.

"Huyo mlafi simjui," Dezső akajibu. "Mimi ndiye mwenye adabu. Niwekee nyingi."

Majani hayajamaliza kupukutika mwaka huo, wakaoana. Alikuwa mwanamume wa maneno machache, mikono mipana, na jino la kupenda vitamu ambalo halikuzeeka. Etelka alimgombeza maisha yao yote kwa ajili ya jino hilo. Ndivyo walivyopendana, na asiyewajua angedhani wanachukiana.

Basi kwetu mti wa Krismasi usio na peremende ni kuni tu. Peremende hizo zimefungwa kwa karatasi nyeupe yenye ncha za kuchanachana, na kiunoni karatasi ya kung'aa, nyekundu, ya bluu au ya dhahabu. Zinatundikwa matawini kwa uzi. Na kila nyumba ina mwizi wake. Anakula peremende, analikunja ganda lake la karatasi vizuri, analiacha linaning'inia pale pale kana kwamba limejaa. Mgeni akinyoosha mkono anabana hewa. Anaulizwa baba, anaulizwa mama, wanaulizwa watoto, hakuna aliyekula. Kuiba si aibu, lakini kukiri hakuna anayekiri. Wapo watu waliokwenda kaburini na siri hiyo.

Krismasi yake ya mwisho, daktari alikuwa amemkataza Dezső sukari. Etelka alilishika agizo hilo kama askari wa zamu. Alinunua pakiti moja tu ya peremende, kwa heshima ya mti, akaitundika mwenyewe na kumwambia mumewe, "Ukigusa nitajua." Sikukuu zilipokwisha Dezső alijitolea kuuvua mti. Kifua kilikuwa kinamkoroma, alipumzika kila baada ya matawi mawili matatu, lakini hakutaka kusaidiwa. Alipanga kila kitu kwenye boksi, akalifunga kamba.

"Hakugusa hata moja," Etelka alinitambia pale kwenye lifti. "Mwanamume amejishinda, Vilma. Tutazitundika tena mwakani."

Masika akafa. Si sukari iliyomuua. Lilikuwa vumbi la mgodi, lililokuwa limekaa mapafuni mwake likimngoja astaafu. Daktari yule yule ndiye aliyesema kwamba sukari haikuhusika.

Haya. Boksi hilo ndilo aliloniitia. Aliliweka juu ya meza ya jikoni, akakata kamba, akaanza kutoa mapambo na kunipa. Alipofika kwenye peremende akachukua moja, ya bluu, akasimama nayo. Nilimwona akiipima kwa kiganja. Akaigeuza. Mgongoni karatasi ilikuwa imefunguliwa na kurudishiwa kwa ufundi, na ndani hamkuwa na kitu. Akachukua nyingine. Ikawa vile vile. Akachukua nyingine, mpaka boksi likaisha.

"Mshenzi," akasema taratibu. "Mwizi mkubwa."

Nikaanza kucheka, naye akacheka, tukacheka mpaka tukashikilia meza. Halafu akaingiza kidole gumba chake kwenye ganda moja, kicheko kikamkatika. Kidole kiliingia na nafasi ikabaki.

"Tazama huku ubavuni palivyo bapa," akasema.

Nilielewa. Kidole gumba cha Dezső kilikuwa bapa upande mmoja tangu kibanwe na toroli la makaa akiwa kijana. Alikuwa amekula peremende, akaizungusha karatasi kwenye kidole chake hicho ipate umbo, akasokota ncha na kutundika. Kila ganda kwenye lile boksi lilikuwa na ubapa ule ule.

"Nilimnyima, Vilma," akasema Etelka. "Mtu anakufa kwa mapafu, mimi nakaa kumlindia peremende."

"Lakini alikula, shoga. Alikushinda."

"Alikula kwa kujificha. Nyumbani kwake mwenyewe, mzee mzima, amejibanza nyuma ya mti ananiogopa mimi."

Nikaanza kuyarudisha mapambo kwenye boksi, moja moja.

Boksi sikupewa tena. Lilikaa pale mezani karibu wiki tatu, na kila nilipoingia nilimkuta ameketi nalo, kidole kimo ndani ya ganda. Aliniambia bila kuona haya kwamba mashati ya Dezső yameshaacha kunuka Dezső, na picha ni picha tu. "Hapa ndipo alipo," alisema. "Nikitia kidole humu, namshika mkono."

Nilimwambia anajitesa. Akaniambia nijali yangu.

Siku mbili kabla ya sikukuu akabisha hodi, amevaa koti. Anataka mti. Mdogo tu, na hakuna kingine. Nikajua mti huo ni wa kutundikia nini, nikamsindikiza sokoni.

Alipita kwenye mapipa ya samaki hai kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mtalaka wake.

"Bi Bognár," muuza samaki akamwita akimwonyesha samaki mmoja, "huyu hapa ananiuliza habari zako tangu asubuhi."

"Mwambie nimehama."

Hakununua popi. Hakununua jozi. Hakununua mishumaa, ila mmoja tu wa kuwasha kaburini. Nilinunua vyangu huku nikimwonea uchungu na kumkasirikia kwa pamoja, maana kuna namna ya kukataa vitu ambayo ni kumtukana kila anayeishi. Kwenye meza ya peremende, mama muuzaji alishika mfuko mwekundu akautikisa.

"Mti ninauona, Bi Etelka, peremende sizioni. Mnataka malaika waseme nini?"

"Ninazo nyumbani."

"Za mwaka jana? Zitakuwa zimeota ndevu."

"Hizi hazioti," akasema Etelka, akauweka mti wake begani.

Asubuhi ya mkesha tukautundika pamoja. Maganda tu, hakuna kingine. Aliyapanga upande bapa ukitazama chumbani, akarudi nyuma akaangalia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona amesimama wima. Nisingeuita uso ule wa furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyepata pa kushika. Halafu tukachukua mshumaa tukaenda makaburini, tukipanda kile kilima polepole kwa sababu ya magoti yangu.

Tuliporudi, koridoni kulikuwa na harufu ya mchuzi mwekundu wa samaki. Etelka akanitazama. Si kwangu, nikamwambia, samaki wangu bado yuko jokofuni.

Mlango ukafunguliwa kabla hajatia ufunguo. Tünde. Nywele zimefungwa kwa kitambaa, mashavu mekundu ya mvuke.

"Bosi amenipa siku mbili, mama. Nimelala kwenye basi usiku kucha. Usilie sasa, utaniharibia sapraizi. Shangazi Vilma, ingia, ingia."

Wakakumbatiana pale mlangoni, nami nikalia, kwa nini nidanganye. Nikasema moyoni, kumbe Mungu yupo Komló. Mezani vilikuwapo vyote, samaki, mkate wa popi, mkate wa jozi, mishumaa. Kila kitu ambacho mama alikiruka sokoni, binti alikuwa amekibeba kutoka Austria mgongoni. Halafu akatuvuta chumbani kwa mikono, mmoja huku mmoja huku, kama watoto.

Mti ulikuwa umeinama kwa uzito. Peremende kubwa, za gharama, za duka la maana, karatasi zake za dhahabu mpya, zimejaa kila tawi.

"Nilipouona mti wako nusura nilie, mama," Tünde akasema. "Umetundika maganda matupu. Hukuwa na haja ya kujinyima hivyo, si ungenipigia simu tu? Haya, bana hiyo. Bana. Imejaa."

Etelka hakubana. "Yale ya zamani yako wapi?"

"Yale? Nimeyakunjakunja nikayatupa kwenye bomba la taka, pamoja na matumbo ya samaki. Nani alizila hizo peremende, jamani? Boksi zima lote."

Nikafungua mdomo. Nasema kweli, nilitaka kumzaba kibao yule mtoto niliyemlea nusu, mtoto aliyelala kwenye basi usiku kucha kwa ajili ya mama yake. Vidole vya Etelka vikanikamata kifundo cha mkono, vikabana mpaka mfupa.

"Mimi," akasema. "Nilikula mimi."

"Zote, mama?"

"Zote."

Tünde akacheka mpaka akakaa chini. Mtu amekiri. Kwenye nyumba hii, mtu amekiri. Baba angekuwepo, akasema, angeita waandishi wa habari.

Nikasema nimesahau chumvi kwangu, nikashuka. Lifti sikuingoja. Chini kabisa bomba linamwaga kwenye pipa kubwa, na jengo zima lilikuwa limesafisha samaki siku ile. Nilitia mikono mpaka kwenye viwiko. Nililipata moja, la bluu, limegandwa na magamba ya samaki, limekuwa bapa pande zote kama tiketi ya basi. Nilijaribu kulifungua lirudie umbo lake. Karatasi ile ikishakunjwakunjwa ina makunyanzi tu, haikumbuki chochote. Nililirudisha pipani, na sijui kama nilifanya sawa. Nikaosha mikono kwangu, nikachukua chumvi, nikarudi.

Etelka alikuwa ameketi karibu na mti. Alinitazama mikono kwanza, kisha uso. Nikatikisa kichwa. Akaitikia kidogo, kama mtu anayeambiwa duka limefungwa.

Tulikula. Etelka aliusifia mchuzi, aliomba kuongezwa, aliuliza habari za bosi wa Austria. Dirishani giza lilianza kuingia, Tünde akawasha mishumaa. Baadaye, binti akiwa anakata mkate wa popi, Etelka akanyoosha mkono akachuma peremende moja kwenye mti. Aliimenya taratibu, akaila yote, akitafuna kwa muda mrefu. Kisha akalichukua ganda, akalizungusha kwenye kidole gumba chake, akasokota ncha, akalitundika.

Likasimama kidogo, halafu likabonyea. Kidole chake ni chembamba, cha mviringo, hakijawahi kubanwa na kitu. Akalitoa, akalinyoosha kwa kucha juu ya goti, akalizungusha tena akikibana kidole ubavuni kwa mkono wa pili ili kipate ubapa.

"Haya, mwizi wetu kaanza tena," Tünde akasema akicheka, akamwekea mama yake kipande cha mkate kwenye sahani.