Mtoto Asiyenililia

Binti yangu wa kwanza alikuwa hajaanza kutembea nilipohamishwa. Nilikuwa mwalimu Tabora mjini, na mume wangu, mwalimu pia, alikuwa ametangulia kwenye kijiji kipya cha ujamaa upande wa Usoke. Nilitakiwa kumfuata shule zikifunguliwa. Lililobaki kuamuliwa ni kama mtoto anakwenda nami au anabaki na bibi yake.

Mama mkwe aliona hapakuwa na la kuamua. Yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemkanda, aliyemlisha uji nikiwa darasani, na mtoto alilala kitandani kwake. "Huko nyumba hazijaezekwa, maji ni ya kufuata mbali," aliniambia. "Utafundisha na mtoto mgongoni? Kuzaa si kazi, mwanangu, kazi ni kulea." Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliniuma zaidi. Nilimpenda sana mama yule. Lakini kuna siku nilirudi kutoka shule nikamkuta mwanangu kajilaza kifuani kwake, nikatamani kumnyang'anya.

Ndipo akaja msomi mmoja kutoka ng'ambo, mama wa makamo, Kiswahili chake cha darasani lakini shikamoo yake safi kabisa. Alikuwa akichunguza jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: mama anatoka chumbani, mtoto anabaki na mgeni, na mgeni anatazama mtoto atafanya nini. Kwao, alisema, mtoto aliyeshikamana na mama yake mara nyingi hulalamika mama akitoka na humfuata akirudi. Nilikubali hata hajamaliza kueleza. Sikumwambia mtu, lakini moyoni nilishaamua: akinililia, namchukua, asiponililia, namwacha.

Siku ya kwanza nilitoka sebuleni, na sijafika uani mama mkwe akanipita akiingia ndani. "Mgeni unamwacha peke yake?" alininong'oneza kwa hasira. "Watu watasema mwanangu nimemwoza mke gani?" Akakaa mkekani, akaanza kumuuliza mgeni habari za wazazi wake. Mgeni alimwomba kwa adabu atoke. Akatoka, akamtuma jirani, naye akaingia na birika la kahawa na kashata. Jirani alipotolewa, wifi yangu akaingia kutoa salamu. Nyumba nzima ilijua kwamba mgeni ana kazi yake, na nyumba nzima haikuweza kuvumilia akae mkekani bila mtu wa kumzungumzisha. Mtoto alipokezanwa mikononi kwa furaha kama yuko harusini.

Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Ya tatu mama mkwe alimpokea mlangoni kwa ungo wa mchele. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alimwambia. "Chambua huu, na leo sisi tuna kazi zetu." Yule msomi alicheka mpaka akatoa miwani. Alijua kwamba sasa amekuwa mtu wa nyumbani, anaweza kuachwa peke yake, na kwamba ule ugeni alioutaka kwa uchunguzi wake umeshapotea.

Hata hivyo nilitoka. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza. Mwanangu hakulia. Nilimsikia akicheka na kupigapiga ungo. Niliporudi alinitazama, akatabasamu, akaendelea kumwaga mchele.

Nikamuuliza msomi waziwazi, "Kwa hiyo mwanangu hanipendi?"

Aliweka ungo chini. "Mwalimu, kwetu mtoto anakaa na mama yake tu, mlango umefungwa. Mama akitoka, ameondoka na dunia yote. Huyu wewe ukitoka, anabaki na watu. Swali langu nimelitoa kwetu. Hapa sijui linapima nini, na siwezi kukudanganya."

Nilimheshimu kwa maneno yale, na namheshimu mpaka leo, ila hayakunisaidia. Sikuwa nikitaka elimu saa ile, nilitaka mwanangu alie. Jioni nilifungasha nguo zangu mimi tu. Mama mkwe aliliona furushi, akaenda kumwogesha mtoto.

Siku ya safari alinisindikiza stesheni, mtoto mgongoni kwake. Nilimshika mwanangu shavu, nikapanda. Hakulia. Alinipungia mkono kama nilivyomfundisha, na alikuwa akiupunga vizuri. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti, mwalimu mzima, mpaka aliyekaa mbele yangu akasogeza kikapu chake kunipa nafasi.

Mama mkwe alinitazama dirishani. Kisha akakaza kanga ya mgongoni, akashika chuma cha mlango, akapanda. Hakuwa na kitu mkononi.

"Mama, treni inaondoka," nilimwambia.

"Si naiona." Alikaa kando yangu, akamfungua mtoto, akamweka mapajani pangu. Halafu akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, bila haraka, kama alivyozoea kumfanyia mjukuu wake. "Nimesikia mtoto analia, nimwache? Nawasindikiza tu."

Alitusindikiza mpaka binti yangu alipoanza shule.