Viunza vya Mkongo

Juu ya kitanda cha wazazi wangu, kwenye boriti za dari, kulikuwa na mbao fupi za mti wa mkongo zilizofungwa kwa kamba. Zilikuwa viunza vya baba, zile mbao anazopangiwa maiti kaburini ili udongo usimguse. Watu wengine darini kwao waliweka mpunga. Mama hakuwahi kulimeza jambo hilo. "Mwenzangu kanioa, kisha akanilaza chini ya kaburi lake," aliwaambia wageni, na baba alicheka kama mtu aliyesifiwa.

Baba alikuwa mkata miti hapa Kibiti, nami nilifanya naye kazi mpaka mwisho wake. Sehemu moja ya kazi ilikuwa kupogoa. Zamani, nyumba zilipoezekwa makuti, hakuna aliyeuogopa mwembe wake. Embe likianguka juu ya paa halikuwa na neno. Ilipokuja ruksa ya serikali, biashara ikafunguliwa, mwenye mikorosho akapata bati, na ghafla kila mwembe ukawa adui wa mwenye nyumba. Tukaitwa huku na huko. Baba alipanda na kamba na shoka, mimi nikibaki chini kulivuta tawi lisiangukie lisikotakiwa. Akimaliza kukata, alipaka kidonda cha mti udongo uliokandwa na jivu, mchwa wasiingie. Mwenye bati akimhimiza ashuke, baba alimjibu kwa ukali angoje mgonjwa afungwe kidonda.

Kazi nyingine ilikuwa kupasua mbao na kuziuza. Mti mzima ukiangushwa, tulichimba shimo, tukalilaza gogo juu yake, baba akasimama juu ya gogo na mimi ndani ya shimo, tukavutana msumeno kutwa kwa kufuata mstari wa uzi uliopakwa unga mweusi wa betri za redio. Anayekaa chini ndiye anayekula unga wa mbao. Macho yangu hadi leo hayapatani na upepo. Baba hakukubali hata mara moja tubadilishane, wala sikumlaumu, maana nilijua sababu. Ujanani mwake, upande wa Ruaruke, shimo lililolowa mvua lilimporomokea. Walimfukua akiwa hai, kinywa kimejaa udongo. Alisema kilichomtisha hasa ni ule uzito kifuani, huku akiwasikia watu juu wakizungumza. Tangu siku ile hakushuka tena shimoni, na hata mazikoni alisimama mbali na ukingo.

Ndiyo sababu akaviweka vile viunza. Alikuwa ameona makaburi yakititia baada ya masika, yale yaliyowekewa mabanzi ya mwembe, ambayo mchwa huyamaliza upesi. Mkongo mchwa huuacha.

"Mie mkinitilia mwembe," alikuwa akisema, "udongo utanifuata kulekule. Nshaula mara moja, yatosha."

Ungedhani mtu mwenye hofu kama ile angezificha mbao zake. Wapi! Ukitokea msiba na msikiti hauna mbao, watu walikuja kwetu, na baba alipanda juu ya kiti akazishusha. Mbao za kaburi haziuzwi. Hivyo ndivyo wapasuaji wote wa kwetu walivyoikuta kazi, nao hawakuhoji. Mkongo mwingine ukipasuliwa tu, viunza vipya vilipanda darini. Mama alinuna kila mara, na kila mara ni yeye aliyevifuta vumbi.

Lakini ruksa ileile iliyoleta bati ikaleta malori. Walikuja wanunuzi kutoka Dar na misumeno ya mashine, na mti ambao sisi tungeuhangaikia mpaka mikono iote malengelenge, wao waliulaza kabla chai haijapoa. Wakaondoka na mikongo, wakaondoka na mininga, wakabeba hata mabanzi tuliyozoea kuwaachia watu wa msikiti. Mwenye shamba aliuza, mwenye kiwanja aliuza. Siwezi kuwatukana, kila mtu alikuwa na watoto wa kuvisha sare. Visiki ndivyo nilivyovitukana, nikiwa peke yangu njiani.

Masika moja, bwana mmoja wa Mbuchi alimleta mkewe kujifungua. Walikuwa wamepita kwenye maji, kisha kwenye matope, na walipofika Kibiti mke na mtoto walikuwa wameshakata roho. Kuwarudisha kwao haikuwezekana, njia ilikuwa imefungwa na mafuriko. Hatukumjua mtu yule. Alikaa kwenye baraza ya msikiti amekumbatia kikapu cha nguo za kichanga, na akiulizwa neno alijibu kwa adabu sana, kana kwamba anaona aibu kutusumbua.

Baba akapanda juu ya kiti. Mama akaenda kusimama mlangoni, akaziba njia kwa mikono miwili.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mkongo. Baba aliutengeneza kwa mkono wake walipooana. Kitasa cha kwanza kilipong'olewa na kutu, palibaki tundu la kuingia ngumi, na mama akawa analiziba kwa kitambaa ili nyoka wasipite. Baba aliahidi kulitengeneza, na ahadi ile ilizeeka pamoja nao.

"Mikongo imekwisha, mwenyewe waona," mama alisema. "Wewe utalazwa chini ya nini?"

"Mungu ataleta mti."

"Ataleta lori!"

"Mke wangu, yule binti ndiye atanguliaye. Mie bado nala ugali wako."

Mama akatoka mlangoni, machozi ya hasira yakimtiririka. Baba akapita na mbao begani. Sikumsaidia kuzibeba, kwa kuwa hakuniruhusu.

Mti haukuja. Niliutafuta kote nilikokujua, nikafika mpaka Mohoro. Mahali fulani huko niliambiwa kuna mkongo umebaki karibu na shamba la mpunga. Nilipofika nilikuta kisiki kibichi, bado kinatoa maji. Nilikaa juu yake nikalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kunisikia. Wakati huo baba alikuwa ameanza kubanwa na kifua, hapandi tena miti, anakaa ndani akikohoa. Kila niliporudi aliniuliza jambo moja tu.

"Umepata?"

"Bado, baba."

"Basi mtanifunika kwa paini, kama boksi la nyanya." Akacheka, kikohozi kikamkatisha. Nilimwona jinsi mkono wake ulivyokuwa ukipapasa kifuani, ukisukuma kitu ambacho hakikuwepo. Alikuwa anaogopa, na mimi mwanawe sikuwa na la kumpa.

Alifariki baada ya sala ya alfajiri. Mazishi yakapangwa baada ya adhuhuri. Waliokwenda msikitini wakarudi na mabanzi ya mwembe, mengine mchwa wameshaanza kuyala. Nilitoka mbio kwa wauza mbao. Kulikuwa na paini tupu, nyeupe, laini, ukiiminya inabonyea. Nikarudi mikono mitupu nikasimama uani. Nadhani nilikuwa nafoka, maana watu walinishika mabega.

Mama akaniita kutoka ndani. Alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, macho makavu.

"Msumeno wako uko wapi?"

"Upo, mama."

"Na huo mlango si mkongo?"

Wanawake wakageuka kuutazama. Nilitaka kusema neno, yeye akageuza uso. Nikaung'oa mlango bawabani, nikaukata uani kwa vipimo vya kaburi, peke yangu, na unga wake ulikuwa na harufu ileile ya miaka yetu yote. Kipande chenye tundu ndicho kilichobaki cha mwisho. Nilitaka kukiacha, lakini bila hicho viunza havikutosha.

Kaburini nilishuka mimi. Kuwa chini nilikuwa nimekuzoea. Tukampokea, tukamlaza, nikapanga mbao moja baada ya nyingine, na ile yenye tundu ikaangukia usawa wa kifua chake. Walioko juu walikuwa wakizungumza taratibu juu ya udongo, uletwe wapi, uanzie upande gani. Mmoja akanipa bonge la udongo uliokandwa nizibe. Sikuupokea. Nilivua kofia yangu, nikaikunja, nikaishindilia tunduni mpaka ikabana. Kisha nikaomba mkono wa kunipandisha.

Jioni nilimkuta mama akiwa ndani ya eda yake, kanga imetundikwa pale palipokuwa na mlango. Upepo ulikuwa ukiipandisha na kuishusha. Aliniuliza kama wamekwisha kumzika, nikamwambia tayari. Akaitazama ile kanga mlangoni.

"Na lile tundu?"

"Nimeliziba, mama."

"Kwa udongo?"

"Hapana."

Akaniangalia kichwani, kilichokuwa wazi. Akafungua kanga ya begani mwake, akanifunika nayo, na hapo ndipo alipoanza kulia.